Inspekta wa Mifupa wa Kamina

Asubuhi ile Urbain alikuwa amekuja hopitali ya Kamina juu ya jino, lakini jino lilisahaulika mara moja alipoona watu watatu wanagombania mkono mmoja.

Mkono ulikuwa wa kibarua wa chantier ya wanajeshi, kule wanakojenga njia za ndege. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mbao za wajenzi, sasa amekaa kwenye benchi la uwanjani, mkono umekunjika mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo. Upande wa vidole alishikwa na Mulumba, boyi wa plata wa hopitali, mfungaji wa mifupa kwa plasta, na ndoo yake ya unga mweupe iko karibu na miguu. Upande wa kiwiko alishikwa na Baba Mwila, mzee mnyosha mifupa wa kutoka Kabongo, mwenye vibanzi vya miti chini ya kwapa. Na nyuma, mabegani, Mama Hawa, mjane wa mfanyabiashara wa Maniema, alikuwa amekwisha kumimina mafuta ya mawese.

"Acha, muzee," Mulumba akasema. "Hapa mu hopitali njo kwetu. Weye rudia Kabongo, unyoshe mifupa ya mbuzi."

"Mbuzi ya Kabongo hailie namna hii," Baba Mwila akajibu. "Weye unajua kupaka tu. Unapaka mufupa iko mupindo, inakauka mupindo. Kiisha muntu anaenda Kabongo, na mukono yake inaonyesha njia ya Bukama."

"Benu bote munachelewesha kazi," Mama Hawa akasema. "Nyama imefunga. Mutavuta nini kama nyama imefunga? Mutoe mikono, nikande kwanza."

"Muniulize na minyi kidogo," mwenye mkono akaomba. Hakuna aliyemuuliza.

Urbain akavua kofia yake ya jua. Tumheshimu kwa kumweleza vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe alijiheshimu sana. Alikuwa na miwani yenye vioo vya dirisha, suti ya rangi ya maziwa yaliyolala, na sauti ya mtu anayesoma barua ya Serikali hata akiomba maji. Elisabethville aliuza redio ambazo ndani yake mlikuwa na mende tu. Bukama aliuza nafasi katika meli ambayo fundi wake alikuwa hajazaliwa. Kamina aliteremka kwa sababu tiketi yake iliishia hapo.

Na hapo, kwenye benchi la hopitali, aliona kitu ambacho macho ya mjanja huona kabla ya mengine. Hawa watu watatu hawakugombania kibarua. Kila mmoja wao alikuwa na ufundi mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina la ufundi ule. Mulumba alikuwa anafunga plata tangu hopitali ilipopata paa, lakini wazungu walipopita na wageni walisema, "Na hii ni plata," wakionyesha ndoo na mtu kwa kidole kimoja. Baba Mwila aliitwa mchawi na mapadri, na usiku mapadri wenyewe walimpelekea punda wao aliyevunjika mguu. Mama Hawa alifukuzwa kwenye chumba cha wagonjwa kila wiki na mfagiaji.

"Messieurs," Urbain akasema. "Madame."

Wote watatu wakaachilia mkono. Kibarua akapiga yowe. Katika maisha yao hakuna aliyewahi kuitwa Messieurs, mabwana, na Mama Hawa aligeuka kutafuta Madame ni nani.

"Minyi njo Inspekta wa Mifupa," Urbain akasema. "Nimetumwa kuangalia nani anafanya kazi gani mu mwili wa muntu. Naona hapa iko vita. Na vita inatoka wapi? Inatoka mu kukosa mipaka."

Jioni walikutana nyumbani kwa Mulumba. Phébé, mke wa Mulumba, alikuwa anashona kwenye mashini yake karibu na dirisha, mguu juu ya pedali, sikio kwenye mazungumzo. Urbain alichukua kaa la moto lililozimika, akachora mtu nyuma ya mlango, mkubwa, bila uso.

"Muangalie. Serikali ilifanya nini na inchi? Ilikata teritware. Kila mukubwa na kipande chake, na amani ikaingia."

"Iliingia wapi?" Baba Mwila akauliza kwa upole.

"Inakuja, vidye," Urbain akasema, kwa neno la Kiluba la kumheshimu mzee. "Sasa, na mwili vilevile. Chumba ya ndani kabisa njo mufupa. Iko ya Baba Mwila: kuvuta, kunyosha, kuunganisha. Chumba ya katikati njo nyama na mishipa. Iko ya Mama Hawa: kukanda, kulainisha. Chumba ya inje njo plata. Iko ya Monsieur Mulumba. Kila mumoja atapata breve yake, karatasi ya ufundi, na kashe, ni muhuri, juu yake. Muntu akigusa chumba ya mwenzake, analipa amende ya feza. Hata hopitali itaheshimu."

"Na watatuita namna gani?" Mulumba akauliza. Hili ndilo swali alilokuwa nalo rohoni tangu asubuhi, pengine tangu ujana.

Urbain alipangusa miwani yake, kama mtu anayepima uzito wa siri. "Tekinisye," akasema. "Tekinisye wa Plata, daraja la kwanza."

Mulumba akarudia neno hilo bila sauti. Midomo tu ilicheza.

"Huyu muntu anasema kama redio," Phébé akamwambia mumewe baadaye. "Hangojei jibu. Na breve, inauzwa namna gani?"

Iliuzwa kwa feza taslimu. Baba Mwila aliuza mbuzi. Mama Hawa alivua herini za dhahabu alizopewa na marehemu mumewe Bilali siku ya ndoa, akazitoa kama zilivyo. Mulumba aliuza mashini ya Phébé kwa mshonaji wa sokoni, akamwambia mkewe kwamba mke wa Tekinisye hatakuwa na haja ya kushona. Phébé alianza kushona kwa mkono, mbele yake, sindano inapanda inashuka, na kila mara uzi ulipokatika alimtazama. Mulumba alianza kula nje.

Breve zikafika zimeandikwa kwa wino mwekundu, kashe ya mviringo chini, na amani ya Urbain ikaingia Kamina.

Mwezi ule mtu aliyevunjika aliona mambo. Baba Mwila alivuta mfupa, kisha akarudi nyuma hatua kama padri aliyemaliza komunyo. Mama Hawa akaingia, akakanda. Kidole chake kikikuta mfupa umekaa vibaya, hakusema, kwa sababu habari za mfupa hazikuwa za chumba chake. Alikohoa tu.

"Unakohoa nini, mama?" Baba Mwila aliuliza.

"Nakohoa tu, vidye. Kukohoa haina amende."

Mulumba alifunga plata bila kutazama ndani, kwa sababu mambo ya ndani hayakuwa yake. Katikati ya kazi alisimama aende kuvaa koti jeupe ambalo Phébé alilishona kwa mkono, mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kuume. Wagonjwa walizoea. Watu wanazoea chochote kikiwa na kashe.

Urbain angekaa Kamina hata akazeeka pale. Lakini siku moja mfagiaji wa hopitali akaleta habari kwamba munganga mkubwa wa kizungu, inspekta wa kweli wa mahopitali yote ya jimbo, anakuja kwa gari la moshi la Ijumaa. Gari hilohilo, likisha kunywa maji, lingeendelea kwenda Elisabethville. Urbain akahesabu haraka kwamba mji wa Kamina haukuwa na nafasi ya mainspekta wawili.

Shida ilikuwa mizigo. Saruji na misumari ya chantier ilikuwa inaibwa, kwa hiyo kwenye stesheni polisi walifungua kila sanduku, wakageuza kila mfuko, wakakamua hata mikate. Mtu mgeni mwenye feza ya mbuzi, feza ya mashini na herini za mwanamke angeulizwa maswali yasiyo na haya. Urbain akawaza usiku kucha, na asubuhi akapata. Polisi anafungua sanduku. Hafungui mguu.

Angefunga mguu kwa plata, na mali ndani. Lakini nani amfunge? Akimwendea Mulumba, Mulumba angetaka kwanza neno la Mama Hawa kwamba uvimbe umeshuka, na Mama Hawa angetaka neno la Baba Mwila kwamba mfupa umenyoshwa, na Baba Mwila angetaka kuuona mfupa. Sheria ilikuwa nzuri sana. Yeye mwenyewe aliitunga.

Akaenda chantier, akamtafuta Kitwa, masoni, mtu mnene mwenye vumbi hadi kwenye kope, aliyepiga plata kwenye kuta za nyumba za maofisa.

"Unajua kupiga plata?" Urbain akauliza.

"Minyi? Napiga plata kila siku. Ukuta gani?"

"Mguu."

Kitwa akautazama mguu, mbele na nyuma. "Iko mufupi," akasema. "Lakini itawezekana. Unataka ya laini ao ya kukwaruza?"

"Ya laini. Na iwe nguvu. Isipasuke mu safari."

"Haitapasuka," Kitwa akasema. Lile neno nguvu lilimgusa. Alikuwa mtu mwenye haya, lakini juu ya kazi yake hakuwa na haya.

Urbain alijizungushia noti na herini chini ya vitambaa, toka kifundo hadi goti, mbele ya Kitwa aliyetazama kama fundi tu, akalala juu ya mifuko ya saruji. Kitwa akachanganya. Unga wa plata ulikuwa kidogo, na kwa moyo mzuri akaongeza saruji, kisha akafikiri kidogo akaongeza tena. Akapaka, akalainisha kwa mwiko, akapiga ubao, akanyunyizia maji. Akapima kwa timazi kuona kama mguu umesimama wima. Haukuwa wima, akasahihisha.

"Inaleta moto kidogo," Urbain akasema.

"Njo inashika," Kitwa akasema. "Usiku utasikia inashika zaidi."

Usiku Urbain alisikia. Asubuhi mguu ulikuwa mzito kama si wake, na ndani palikuwa na kitu kama mchwa wenye pilipili. Alijikokota na magongo hadi stesheni, jasho linapita chini ya miwani. Polisi akafungua sanduku lake, akakuta mashati. Akautazama mguu, akasema, "Pole, Bwana," akamfungulia njia. Urbain karibu alie kwa furaha, na kwa mchwa.

Kisha akaona makoti matatu meupe.

Mulumba na wenzake wawili, ambao nao walikuwa wamejishonea makoti, walikuwa wamesimama karibu na reli, breve zimefungwa vifuani kwa pini, wanamngoja munganga mkubwa. Habari ya mfagiaji ilikuwa imefika hata kwao. Leo mtu mkubwa angewaona, na Mulumba alikuwa amejizoeza tangu alfajiri kusema jina lake na lile neno baada yake.

"Bwana Inspekta," Mulumba akasema, akakimbia kumsaidia. "Umeanguka wapi?"

"Kidogo tu. Kule Kabondo-Dianda. Barabara mubaya."

"Pole sana." Kisha macho ya Mulumba yakashuka kwenye plata, na uso wake ukabadilika kama uso wa mtu aliyekuta kiatu kigeni chini ya kitanda. "Nani alifunga hii?"

"Muntu wa kule."

"Kabondo-Dianda hakuna muntu wa plata. Plata ya teritware hii yote iko ya minyi. Weye njo uliandika."

Baba Mwila akafika. "Mufupa ilivunjika," akasema polepole, "na hakuna muntu aliniita?"

"Na nyama nani alikanda?" Mama Hawa akauliza. "Angalia vidole. Imevimba kama ndizi. Hii nyama haikukandwa, inateswa."

Tuseme ukweli: hawakumshuku hata kidogo. Wangemshuku, angejua la kufanya, maana mtu anayekushuku unaweza kumdanganya. Hawa walikuwa wameudhika kwa ajili ya sheria. Plata isiyo na breve, mbele ya stesheni nzima, siku ya kuja kwa mkubwa, na kwenye mguu wa Inspekta mwenyewe.

"Tutaitoa," Mulumba akasema. "Tufanye upya, kwa taratibu. Mukubwa akishuka atakuta kazi ya kweli." Akatoa mkasi mkubwa wa plata ndani ya koti.

"Muache," Urbain akasema. "Gari inakuja."

"Gari inakunywa maji kwanza. Kaa, Bwana Inspekta."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, polisi pamoja nao. Urbain akatazama kushoto na kulia. Angeweza kuwazuia kwa neno moja tu: kusema kwamba breve zao ni karatasi za kufungia karanga na hawana haki ya kugusa mguu wa mtu. Lakini polisi angeuliza, nani aliziandika? Na kama breve ni za kweli, basi haki wanayo, na mguu unafunguliwa. Akazunguka ndani ya jambo hili kama panya ndani ya debe.

Mulumba akaingiza mkasi. Mkasi ukalia, ukakatika ncha.

"Hii nini?"

Hapo Urbain akaona mwanga. Akanyosha mgongo, akarudisha ile sauti ya barua ya Serikali. "Messieurs, Madame, musichoke. Hii haiko plata ya hopitali. Hii iko saruji. Saruji haiko mu chumba ya muntu hata mumoja wenu. Mukigusa, amende."

Wakatazamana. Baba Mwila akagonga mguu kwa kidole, akasikiliza. "Anasema kweli," akasema. "Sheria njo sheria. Hii iko ya masoni."

Urbain akavuta pumzi. Filimbi ya gari ikasikika mbali, nje ya mji.

"Masoni yule pale," Mama Hawa akasema.

Na kweli, mwisho wa stesheni, Kitwa alikuwa ameinama na mwiko, anaziba nyufa za sakafu. Wakamwita. Akaja anajipangusa mikono, akaona kundi, akaona mguu, akafurahi.

"Inashika?" akamuuliza Urbain.

"Weye njo ulifanya hii?" Mulumba akauliza. "Hii takataka?"

Angeuliza kwa upole, pengine mambo yangekuwa mengine. Kitwa alikunja mikono ya shati.

"Takataka," akarudia. "Weye na unga yako ya mikate, inapasuka mutoto akipiga chafya. Gusa hapa. Gusa. Iko kama nguzo ya nyumba. Nilitia saruji mara mbili. Na ndani sikutia majani kama bale bavivu, ndani mulikuwa mukwisha kuwa vitambaa na karatasi, mingi, imepangwa safi, inashika kama chuma mu beto ya saruji. Hata vile vyuma vidogo vya njano, moja huku, moja huku."

"Vyuma gani vya njano?" Mama Hawa akauliza.

"Vya njano. Vya mviringo." Kitwa akaonyesha kwenye sikio lake ukubwa wake.

Mama Hawa akagusa masikio yake matupu. "Masoni," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu, "chumba hii iko ya weye. Fungua."

Kitwa akachukua nyundo. Alipiga kwa huzuni, kama mtu anayebomoa nyumba yake, na kwa adabu, na mguu haukuvunjika. Saruji ikapasuka toka goti hadi kifundo, ikaanguka pande mbili, na noti zikatoka zimechapwa juu yake kama majani kwenye matope. Polisi akazitazama, akamtazama Urbain, akaja kusimama karibu naye kwa urafiki.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Hawa aliokota herini zake, akapangusa saruji kwa mate, akazivaa. Baba Mwila alibandua feza ya mbuzi noti moja moja, anapuliza. Mulumba alishika yake mkononi bila kuihesabu. Alikuwa anafikiri kama mshonaji wa sokoni atakubali kuirudisha mashini, na kama Phébé atakubali kumrudisha yeye. Alitazama breve kifuani mwake. Mkono ulipanda kuing'oa.

Gari likaingia, likapumua moshi. Munganga mkubwa akashuka, mzungu mrefu mwenye ndevu, akatafuta kwa macho, akaona makoti matatu meupe. Mulumba akasahau kuing'oa breve. Akajinyosha.

"Nyinyi maboyi," munganga akasema, "mubebe masanduku ile."

Mulumba alitazama masanduku, yalikuwa mengi.

"Pole, Bwana," akasema, bila hasira. "Masanduku haiko mu chumba yangu."

"Wala yangu," Baba Mwila akasema.

Mama Hawa akakohoa tu.

Munganga akawatazama mmoja mmoja, akatazama zile karatasi za wino mwekundu, akashindwa kujua kama amekosewa adabu au amekosea yeye. Mwisho akainua sanduku moja mwenyewe, akaenda.

Hapo ndipo Urbain alipolia. Mguu ulikuwa wazi juani, na saruji ilikuwa imeula usiku kucha: mwekundu, umechubuka, unatoa maji, toka kifundo hadi goti.

"Munisaidie," akasema. "Inaungua."

Wakainama, wote watatu, kwa adabu ya kazi. Baba Mwila akapitisha kidole hewani bila kugusa. "Mufupa iko muzima," akasema, akasimama.

"Plata hakuna tena," Mulumba akasema, akasimama.

Mama Hawa alibaki ameinama, chupa ya mafuta mkononi, na Urbain akaitazama ile chupa kama mtu anavyotazama mlango wa kanisa. "Nyama nayo iko salama," Mama Hawa akasema. "Iliungua ngozi."

"Ndiyo, mama. Ngozi. Paka."

"Ngozi iko ya nani?"

Urbain akaanza kuhesabu vyumba kwa vidole.

"Plata inaanzia juu ya ngozi," Mama Hawa akasema. "Nyama inaanzia chini ya ngozi. Ngozi yenyewe haukuiuzisha muntu, Bwana Inspekta. Iko mupaka tu."

"Nakupa. Chukua ngozi yote, bule, ya bantu bote ba Kamina."

"Kwa mudomo?"

"Nitaandika. Polisi, uko na kalamu?"

Polisi alikuwa nayo. Urbain aliandika kwenye karatasi, juu ya goti lake zima, kwamba Madame Hawa amepewa ngozi, daraja la kwanza. Mama Hawa akaipokea, akamwonyesha Mulumba, kwa sababu yeye alijua kusoma. Mulumba akasoma mara moja, akasoma tena, kwa uangalifu wa Tekinisye.

"Andiko iko muzuri," akasema. "Lakini haina kashe."

Kashe Urbain alikuwa ameitupa chooni asubuhi ile, ili asikamatwe nayo. Mama Hawa akafunga chupa yake.